Kona ya Michigan na Trumbull: uzi wa kuukumbuka Tiger Stadium na mtaa wa Corktown

mkaa_kona (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jana jioni nilikuwa na binti yangu garini, taa nyekundu ikatusimamisha kwenye kona ya Michigan Avenue na Trumbull hapa Detroit. Nikamwambia, "Hapa ndipo palipokuwa uwanja." Akachungulia dirishani, akaniuliza, "Baba, mbona uwanja upo?" Na kweli upo. Kuna majani ya plastiki, kuna watoto wanakimbia, kuna jukwaa dogo. Taa ikawaka kijani kabla sijapata la kumjibu. Nimekuja huku nieleze taratibu, maana najua wapo humu waliopita mtaa ule, na wapo ambao hawajawahi kuona besiboli lakini wanajua maana ya kubomolewa mahali.

Historia nitaipitia haraka. Besiboli ilianza kuchezwa kona ile mwaka 1896, kwenye uwanja wa mbao ulioitwa Bennett Park. Jina ni la Charlie Bennett, mdakaji aliyependwa sana mjini, aliyepoteza miguu kwenye ajali ya treni mwaka 1894. Mbao zikang'olewa, ukajengwa uwanja wa zege na chuma ulioitwa Navin Field, ukafunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku ileile ulipofunguliwa Fenway Park wa Boston. Siku tano tu kabla yake meli ya Titanic ilikuwa imezama. Mwaka 1938 ukapanuliwa kuzunguka pande zote ukaitwa Briggs Stadium, na mwaka 1961 ukapata jina ambalo wengi wetu tulilikuta, Tiger Stadium. Majina manne, kona moja. Wenyeji hawakuhangaika na majina, walisema tu "kwenye Kona" na kila mtu alijua.

Ninachotaka kukisema hasa ni ukaribu. Ule uwanja ulikuwa KARIBU. Sijapata neno lingine.

Jukwaa lilikuwa na orofa mbili, na ile ya juu ilibebwa na nguzo za chuma. Ukikatiwa tiketi ya nyuma ya nguzo, mrushaji humuoni, au unamuona mrushaji lakini mpigaji humuoni, inabidi uchague shingo yako uipeleke upande gani. Watu walizilalamikia sana nguzo zile. Lakini ni zenyewe zilizofanya orofa ya juu ikae juu kabisa ya vichwa vya orofa ya chini, badala ya kusukumwa nyuma kama viwanja vya siku hizi. Upande wa kulia orofa ya juu ilichomoza futi kama 10 mbele ya ile ya chini, ikaning'inia juu ya uwanja wenyewe. Mchezaji anarudi nyuma kuusubiri mpira, mikono ameinua, na mpira unamponyoka hewani unatua kwa watu waliokaa juu yake. Homurani, yaani pigo la kuupeleka mpira nje ya uwanja na kupata alama. Ukikaa pale unamsikia akiguna.

Halafu katikati, mbali kule, futi 440 kutoka kwa mpigaji, kulikuwa na mlingoti wa bendera wenye urefu wa futi 125. Na ulisimama NDANI ya uwanja. Mpira ukiugonga, mchezo unaendelea. Shikeni hilo la mlingoti, nitalirudia.

Mimi nilifika Detroit mwaka 1996, nina miaka 22, nikapanga chumba Corktown kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na basi la Michigan Avenue lilinifikisha chuoni. Corktown ndio mtaa mkongwe kuliko yote iliyobaki mjini. Jina limetoka Cork, Ireland, walikotoka watu walioikimbia njaa ya viazi miaka ya 1840. Vijumba vyao vyembamba vya mbao bado vipo mitaa ya Leverette na Bagley na Church. Baada yao wakaja Wamalta, wakaja Wameksiko. Mji ulishaumega mtaa ule: miaka ya 1950 na 1960 nyumba chungu nzima upande wa kusini zilivunjwa ili pawe na maghala na viwanda vidogo, na barabara kuu zikapita zikaukata pembeni. Kilichobaki kilikuwa kipande, na katika kipande hicho, uwanja.

Jirani yangu alikuwa bibi mjane, Mmalta. Siku za mechi kila nyumba iligeuka maegesho. Watu walisimama barabarani na kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa kalamu nzito, wanapunga mkono. Bibi alikuwa hawezi tena kusimama muda mrefu, akaniomba nimsaidie kupanga magari uani kwake. Ua ule ulichukua magari 11, si zaidi, na la 11 lilipaswa kuwa dogo kwa sababu ya mti uliokuwa kwenye uzio.

Siku ya kwanza alikaa barazani kwake akiyahesabu kwa lugha yake, kidole kimenyooka: "...ħamsa, sitta, sebgħa..." Nikasimama. Nikamgeukia nikamwambia, "Bibi, sita, saba!" Akanitazama. Akasema "disgħa", nikajibu "tisa". Akapanda juu: "tletin". Thelathini. "Erbgħin". Arobaini. "Ħamsin". Hamsini. Akashika shavu kwa mkono, macho yamemtoka. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na sisi tarakimu hizo tumeziazima kwa Waarabu, basi tukajikuta mimi na yeye, kwenye ua wa nyumba Detroit, tunahesabu magari ya watu kwa maneno ya bahari mbili. Mwisho akasema "dinja", akachora duara hewani kwa kidole. Nikamwambia, dunia, bibi. Dunia.

Tangu siku ile nilikula kwake kila Jumapili.

Naendelea baadaye, nina zamu usiku.

binti_tanga

Tupo tunasoma mkuu, hapo kwenye kuhesabu magari nimerudia mara mbili. Endelea.

mkaa_kona

Nimetoka zamu.

Bibi hakuwa na haja ya tiketi. Jioni za kiangazi cha 1999 dirisha lilikuwa wazi, redio juu ya friji, na mtangazaji ni Ernie Harwell, aliyeanza kuwatangazia Tigers, timu ya Detroit, tangu 1960. Sauti yake ilikuwa ya pole, kama mzee anayewasimulia wajukuu. Mpira ukipigwa ukaangukia kwa watazamaji, alikuwa anasema umedakwa na bwana mmoja wa kutoka mji fulani, anataja mji wowote wa Michigan, na watu wa mji huo wakafurahi kutajwa.

Sasa sikilizeni hili. Nyumba ya bibi ilikuwa umbali wa kutembea dakika nne hivi kutoka ukutani. Mawimbi ya redio ni mepesi kuliko sauti ya hewani. Kwa hiyo Harwell anasema mpira umekwenda, umekwenda mbali... na kabla hujashusha pumzi, kupitia dirishani zinaingia kelele za watu maelfu, zimechelewa kidogo tu, kama mwangwi. Redio kwanza, kisha dirisha. Kila mara. Sahani kabatini zilikuwa zinatetemeka. Nimeishi miji mitatu tangu wakati ule na sijawahi tena kukaa jikoni mwa mtu nikasikia jambo mara mbili namna ile.

mjukuu_wa_fundi

Asante sana ndugu. Mimi niko Dar, besiboli nimeiona pale Azania Sekondari kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani mwaka 2018, kwa hiyo mlingoti na mdakaji naelewa. Swali langu: uwanja wa tangu 1912, kwa nini waliubomoa? Haukuwekwa kwenye orodha ya urithi?

mkaa_kona

Uliwekwa. Mwaka 1989 uliingia kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani. Wengi hudhani orodha ile ni ngao, kumbe haimzuii mwenye mali kubomoa mali yake. Na mwenye mali, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa ni mji wa Detroit wenyewe. Klabu ilikuwa mpangaji.

Wapenzi wa uwanja walijitahidi kweli. Tarehe 20 Aprili 1988, siku ya kuzaliwa kwake, walishikana mikono wakauzunguka wote, wakaukumbatia. Fikirieni watu wazima wanakumbatia ukuta wa zege! Mwaka 1992 wapiga kura wa Detroit walikataa fedha za umma zisitumike kujenga uwanja mpya. Mwaka 1996 kura ikapigwa tena, safari hii wakakubali. Hoja za klabu zilieleweka: vyumba vya watu wenye fedha vilikuwa vichache, maegesho hakuna, korido nyembamba, vyoo vya kizamani, na zile nguzo. Viwanja vipya vinaishi kwa vyumba vya kifahari. Ule wa Kona ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kiwandani saa tisa, akapanda tramu, akakaa.

Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Septemba 1999, dhidi ya Kansas City Royals. Waliingia watu 43,356. Nilikuwemo, orofa ya juu upande wa kulia, tiketi alininunulia bibi kwa fedha ya magari.

Wachezaji wa Detroit walioanza siku ile walivaa namba za wakongwe wa timu. Gabe Kapler alivaa jezi isiyo na namba kabisa, kwa heshima ya Ty Cobb, nyota wa kale wa timu, kwa sababu enzi za Cobb jezi hazikuwa na namba. Kipindi cha nane vituo vyote vitatu vimejaa, Robert Fick akaupiga mpira ukapaa kuja upande wetu, ukapanda, ukapita vichwani, tukasikia unagonga paa juu yetu. Paa la bati na mbao, mlio wake ni kama mtu kapiga mlango mara moja. Kisha ukarudi chini uwanjani. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Ikaisha 8 kwa 2.

Baada ya mechi hakuna aliyeondoka. Wachezaji wa zamani walitoka mmoja mmoja, wazee, wengine wanachechemea, kila mmoja akaenda kusimama mahali alipokuwa akicheza. Mark Fidrych, aliyeutikisa mji mwaka 1976 akiwa kijana, alikwenda kwenye kilima cha mrushaji akapiga magoti akachota udongo. Kile kibao cheupe cha mpigaji kiling'olewa kikapelekwa uwanja mpya, Comerica Park. Harwell akaaga kwa kipaza sauti, taa zikazimwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Bibi alikuwa barazani na redio amekwisha kuizima.

Uwanja ukakaa mtupu karibu miaka tisa. Kuubomoa kulianza katikati ya 2008, wakasita kwa sababu kuna watu walikuwa wanatafuta fedha za kuiokoa angalau ile sehemu ya awali ya Navin Field. Fedha hazikutosha. Septemba 2009 kipande cha mwisho kikaanguka.

sauti_ya_mjengo

Naomba niseme neno tofauti, bila kumkosea heshima mleta uzi. Mimi ni mtu mweusi ninayeishi Marekani na nimesoma habari za huyo Briggs ambaye uwanja ulibeba jina lake. Hakutaka mchezaji mweusi kwenye timu yake. Tunaulilia uwanja wa namna gani?

mkaa_kona

Ndugu, hujanikosea. Umesema kweli na ilikuwa lazima isemwe humu.

Walter Briggs alikufa mwaka 1952 na hadi hapo hakuna mweusi aliyeichezea timu yake. Jackie Robinson alikuwa amekwisha kuvunja mwiko wa kuwazuia weusi kwenye ligi kuu, akichezea Brooklyn, tangu 1947. Detroit ilikuwa timu ya pili kutoka mwisho kumpokea mchezaji mweusi, Boston ndiyo ilimaliza. Norman Stearnes, aliyeitwa Turkey, mmoja wa wapigaji wakubwa waliowahi kuishi katika mji huu, aliichezea Detroit Stars ya ligi za weusi, na wakati wa baridi alifanya kazi kiwandani. Kiwanda cha nani? Cha Briggs. Alifaa kutengeneza miili ya magari ya tajiri, hakufaa kuvaa jezi yake. Jina lake limeingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli mwaka 2000, miaka 21 baada ya kifo chake.

Tarehe 17 Juni 1958 Ozzie Virgil, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika na mweusi wa kwanza kuichezea timu hiyo, alicheza mara ya kwanza nyumbani kwenye Kona. Mrusho wa kwanza hadi wa mwisho, alipiga mara tano akafanikiwa mara zote tano, na watu wakasimama kumshangilia.

Na Julai 1967, Jumapili ambayo mji uliwaka kwa ghasia, Tigers walikuwa wanacheza na Yankees, moshi unaonekana juu ya ukuta. Willie Horton, kijana mweusi aliyekulia hukuhuku Detroit, alitoka uwanjani na jezi mwilini, akaenda hadi mtaa wa 12, akapanda juu ya gari akawasihi watu warudi majumbani. Hawakurudi. Walikufa watu 43 katika siku zile. Mwaka uliofuata timu ilichukua ubingwa wa World Series, na Horton alikuwemo.

Kwa hiyo mimi nikiulilia uwanja, silii jina la mwenye nyumba. Bibi alinisimulia siku nyingine kabisa. Tarehe 28 Juni 1990, Nelson Mandela, miezi minne na nusu tu tangu atoke gerezani, alihutubia pale ndani, jukwaa limejaa usiku. Bibi hakwenda, aliweka kiti barazani. Alisema watu walipita mbele ya nyumba yake wakiimba, weusi, wazungu, watoto wamebebwa mabegani, na safari hii haikuwa redio kwanza kisha dirisha, ilikuwa dirisha tu. Alipokuwa ananieleza alinishika mkono kwa sababu mimi ni Mwafrika, akadhani labda namfahamu.

Kama unataka kuona mahali pa akina Stearnes, Hamtramck Stadium bado upo, hapahapa ndani ya eneo la Detroit, ulijengwa 1930 na umekarabatiwa. Nenda. Nami nitakwenda nawe.

sauti_ya_mjengo

Nimekuelewa kaka. Hilo la Stearnes na kiwanda sikulijua. Nashukuru.

mama_wa_ann_arbor

Nimesoma kimyakimya toka juu. Mimi ni Mkenya, niko Michigan tangu 2007, kwa hivyo uwanja wenyewe nilipokuja kuuona mashine zilikuwa juu yake. Lakini sehemu yangu ni ile ya baadaye.

Baada ya kubomoa, waliacha uwanja wazi na magugu yakamea hadi kifuani. Kuanzia 2010 watu wa kujitolea walikuja na mashine zao za kukata nyasi, mafuta yao, reki zao. Walijiita Navin Field Grounds Crew. Hakuna aliyewalipa, na mara nyingine walifukuzwa kwamba hapo si pao. Mume wangu alinipeleka Jumapili moja ya 2012. Nilipewa reki, nikaonyeshwa njia kutoka kituo cha tatu kwenda kwa mpigaji. Udongo ni mwekundu, mgumu, na ukikwaruza unatokea vipande vya ganda la karanga. Karanga za miaka mingapi sijui, zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Siku hiyo mzee mmoja alikuja peke yake na mkebe. Alisimama upande wa kushoto, akavua kofia, akamwaga majivu ya babake polepole akifuata mstari. Sisi sote tulizima mashine. Alipomaliza akauliza kama anaweza kusaidia, tukampa reki.

mkaa_kona

Dada, umenikalisha chini. Nilikuwa nakuja Jumapili zile, labda tumepeana maji bila kujuana.

Wengine mtasikia ubishi wa majani ya plastiki. Mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wa vijana palepale, unaendeshwa na Detroit PAL, shirika la michezo ya vijana, na nyasi zile za kweli zilizotunzwa na wale watu zikafunikwa na majani bandia. Wapo waliolia. Mimi niliumia, na hadi leo nikikanyaga pale zulia la plastiki linaniambia si penyewe. Lakini watoto wanacheza hata baada ya mvua, na uwanja umepewa jina la Willie Horton. Hilo la pili limenituliza zaidi kuliko la kwanza. Pembeni yameota maghorofa ya kupangisha, na kituo kikubwa cha treni cha Michigan Central, kilichofungwa 1988, Ford wamekikarabati kikafunguliwa tena 2024. Kodi ya chumba changu cha zamani siku hizi nisingeiweza.

Bibi alifariki majira ya baridi ya 2004. Wanawe waliuza nyumba. Ipo, imepakwa rangi ya kijivu, na ua wamejenga karakana. Baraza wameliacha.

Na sasa mlingoti. Katika vyote, orofa mbili, nguzo, paa lililopigwa na mpira wa Fick, kitu kimoja kilichobaki kimesimama mahali pake ni ule mlingoti wa futi 125. Juzi binti yangu aliponiuliza mbona uwanja upo, alikuwa anautazama huo.

ng'ambo_ya_mto

Salaam wote. Niko Windsor, Kanada, ng'ambo ya mto tu, miaka sita na sijawahi kwenda hapo. Jumamosi nina nafasi, nina wanangu wawili. Napafikaje?

mkaa_kona

Karibu sana mkuu. Vuka Daraja la Ambassador, shika njia ya kwenda Michigan Avenue, geuka kuelekea katikati ya mji. Inua macho upande wa kushoto, utaona mlingoti mrefu mweupe kabla hujauona uwanja. Egesha mtaa wa nyuma, kisha tembea. Nitakuwa pale na binti yangu kuanzia saa nne asubuhi, tumebeba mpira na glovu tatu, na wanao kama hawana glovu waje hivyohivyo.